Kiwanja nilichokiona mwezi wa Oktoba

Kiwanja changu cha Kibirizi, ufukweni Kigoma, nilikiona kwa mara ya kwanza mwezi wa Oktoba, mwaka 2016. Nautanguliza mwezi kabla ya bei na ukubwa kwa sababu yote yaliyonipata yalianzia hapo. Oktoba ndipo Ziwa Tanganyika linapokuwa limejivuta. Mvua zimekatika tangu Mei, kiangazi chote kimepita, jua na upepo vimekula maji, na ufukwe umekuwa mpana, mweupe, wa kuvutia. Dalali alinipitisha mchangani, nikahesabu hatua kutoka maji yalipoishia hadi kigingi cha kwanza: arobaini na mbili. Nikajiona mjanja. Kazi yangu ni kununua dagaa wabichi alfajiri, kuwaanika na kuwauza. Mtu wa kazi hiyo akikaa karibu na mwalo, pale wavuvi wanaposhusha samaki, namna hiyo halipi mbebaji wala mlinzi, na wingu likitanda anawahi kuukusanya mzigo kabla haujalowa.

Nililipa shilingi 3,200,000. Tukaandikishana kwa mwenyekiti wa mtaa, mhuri ukagongwa, mashahidi wakapewa soda. Hakuna aliyeshika futi, nami nikiwa wa kwanza. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Kifungu hicho nilikuja kukijua miaka minne baadaye, mezani kwa ofisa mmoja, nilipokwenda kuuliza habari za fidia. Alinisikiliza vizuri, hata maji ya kunywa alinipa, kisha akaniuliza, "Mama, kutoka ziwani hadi ukutani kwako ni mita ngapi?" Nikasema hatua arobaini na mbili. Akafunga daftari.

Nyumba niliijenga kidogo kidogo, 2017 na 2018: vyumba vitatu, na kibaraza kikubwa cha kuhifadhia magunia. Fedha zilitoka kwenye dagaa na mikopo miwili ya kikoba. Hadi napaka rangi nilikuwa nimefika kama milioni 17, ukiondoa kiwanja. Ili kubana matumizi fundi alinishauri saruji iishie kwenye msingi, kona na plasta, tofali zenyewe zijengewe tope. Wengi mtaani wamejenga hivyo na nyumba zao zimesimama miaka. Zimesimama kwa sababu ziko pakavu.

Mwishoni mwa 2019 mvua zilianza kwa nguvu, na zikaendelea mpaka tukachoka kuzizungumzia. Redioni tukaelezwa kwamba Bahari ya Hindi upande wa kwetu ilikuwa imepata joto kuliko kawaida, na ule wa Indonesia umepoa, hivyo mawingu mengi yakamwagwa Afrika Mashariki. Mimi nilichokuwa nakiona ni dagaa wanaooza mchangani. Ziwa sikulitazama hata kidogo. Aprili 2020 nikaamka nikakuta maji yamefika kwenye mwembe mdogo niliokuwa nimeupanda mpakani.

Hapa niseme jambo ambalo mtu wa mbali halielewi haraka. Mtu wa Dar es Salaam akisikia mafuriko anafikiria Jangwani: Msimbazi umefurika, watu wako juu ya mabati, kesho yake maji yameondoka na kilichobaki ni tope la kuzoa. Maji ya ziwa hayana haraka hiyo. Yanapanda unene wa kidole leo, wiki ijayo kingine. Hayana kelele, hayabomoi mlango. Unapata muda wote wa kujidanganya. Leo unasogeza jiko, wiki ijayo unasogeza banda la kuku, na kila ukisogeza kitu unaona umelimaliza tatizo. Kisha hayaondoki. Yanakaa miezi, mengine miaka.

Jirani yetu, fundi wa mitumbwi, hakusogeza kitu. Mei 2020, maji yakiwa hayajagusa hata ngazi yake, alipanda juu ya nyumba akaanza kung'oa mabati. Tulimcheka. Mimi mwenyewe nilisema, na sitajificha, kwamba huyu baba amekula kitu. Aling'oa mabati, kenchi, milango, fremu na nondo za madirisha, akabomoa kuta tofali moja moja na kupakia lori kwenda Mwandiga, alikokuwa na shamba la michikichi. Alipoondoka kilichobaki kilikuwa msingi tu.

Mume wangu akaniambia tufanye kama jirani. Yeye hutengeneza injini za boti na maji anayajua kuliko mimi. Nikamjibu kwamba nyumba imejengwa kwa dagaa wangu, na atakayeivunja ni mimi. Maneno hayo ninayajutia kuliko ile milioni 17. Ukweli ni kwamba sikuwa natetea nyumba. Nilikuwa naogopa dada na shemeji zangu waseme nilipapatikia ufukwe.

Kulikuwa na mzee mmoja pale mtaani, mzaliwa wa Ujiji, aliyekuwa akipita asubuhi na fimbo yake. "Mwakeye," anasalimia, halafu anasimama kutazama maji. Siku moja aliniambia, "Mwanangu, hapa unapopikia, mwaka wa Uhuru sisi tulitega samaki." Nikacheka kwa adabu. Baadaye nimejua hakuwa anatia chumvi. Mvua kubwa za mwishoni mwa 1961 na miaka iliyofuata zililipandisha sana ziwa hili. Na kuna jambo la zamani zaidi ambalo kila mtoto wa Ujiji anapelekwa kulitazama na shule bila kuambiwa maana yake: Livingstone na Stanley walikutana mwaka 1871 penye mwembe uliokuwa karibu na ziwa, na leo ukitoka kwenye kumbukumbu ile unatembea kitambo kabla hujaona maji. Ziwa lilishuka baada ya mwaka 1878, lilipovunja kizuizi cha mchanga na majani kule Lukuga, upande wa Kongo. Nilipita pale na darasa letu, nikala karanga, nikarudi nyumbani. Ushahidi kwamba ukingo wa ziwa hili unahama ulikuwa mbele ya macho yangu nikiwa na miaka kumi.

Huo mto Lukuga ni mlango pekee wa kutokea. Maji yanaingia kutoka Malagarasi, Luiche, Ruzizi unaoteremka kutoka Ziwa Kivu, na mamia ya vijito vya Burundi, Kongo na Zambia. Yakitaka kutoka, ama yapite Lukuga, ama yapae kwa jua. Ndiyo maana Kigoma panaweza kukauka wiki tatu, ninyi mkashangilia, na ziwa likaendelea kupanda. Mvua iliyonyesha Burundi mwezi uliopita bado iko njiani. Nilikuwa natazama mawingu ya juu ya Bangwe na kupanga maisha yangu kwayo, kumbe nilikuwa natazama sehemu ndogo kabisa ya hesabu.

Mwanangu, wakati huo yuko kidato cha pili, ndiye aliyeleta akili. Alichomeka nondo mbele ya nyumba, akaipaka mistari ya rangi nyekundu kila upana wa vidole vinne, na kuandika kwenye jalada la daftari tarehe na mstari ambao maji yamefika. Ilikuwa kazi nzuri. Kosa ni kwamba nilikuwa naisoma vibaya. Nilikuwa nalinganisha Mei na Agosti. Agosti 2020 maji yakashuka mistari kadhaa, nikawaita wenzangu, tukapika pilau. Lakini ziwa hushuka kila kiangazi, hata katika mwaka linaopanda. Kama unakaa ufukweni, linganisha Oktoba na Oktoba, Mei na Mei. Daftari la mwanangu lilikuwa wazi: Oktoba 2020 maji yaliishia juu sana kuliko yalipokuwa Oktoba niliyonunua kiwanja. Maana yake msimu mpya wa mvua ulikuwa unaanza na ndoo ambayo tayari ina maji nusu. Jalada hilo lilining'inia jikoni mwezi mzima, na sikulisoma.

Mei 2021 maji yaliingia ndani. Si mengi, ya kufikia kifundo cha mguu, lakini yalitosha. Nilisikia vyura usiku, nikadhani wako dirishani. Nikawasha tochi, nikawaona chini ya kitanda cha mtoto. Ukuta wa tope ukiloa unanyonya maji kwenda juu kama utambi wa kibatari. Plasta ilivimba, ikadondoka vipande vipande. Milango ikagoma kufunga. Na choo! Choo cha shimo kikifikiwa na maji ya ziwa hakifuriki tu, kinachanganyika na maji yale yale ambayo watoto wanaogelea na watu wanachota. Kipindupindu tunakijua huku kwetu, hatuhitaji kuhadithiwa. Tulichemsha kila tone, tukachimba choo kingine kwa jirani wa juu tukichangia gharama. Hilo ndilo jambo moja nililolifanya kwa wakati. Anayebisha na ziwa kwa ajili ya nyumba abishe, lakini choo akifunge kabla maji hayajakifikia: akivute kinyesi kama gari linaweza kufika, akijaze chokaa na udongo, apate pa kwenda. Na watoto wasicheze kwenye maji yaliyosimama kati ya nyumba. Mamba hufuata humo humo, na magugu yanamficha.

Tukahamia kwa mdogo wangu, Gungu. Watu watano chumba kimoja. Mdogo wangu hakuwahi kusema neno, ila nilikuwa nasikia sufuria zinavyowekwa chini kwa nguvu.

Mwaka 2022 mvua zilipungua, na kiangazi cha mwaka huo maji yakarudi nyuma ya msingi. Hapa ndipo nilipofanya kosa kubwa kuliko la kununua. Nilirudi. Nilikopa tena kikoba, milioni mbili na nusu, nikanunua lori kumi na moja za kifusi na viroba 400 vya kujaza mchanga. Nikapandisha sakafu karibu nusu mita, nikapiga jamvi jipya, nikabandika plasta. Kwa jumla milioni nne na laki sita. Fundi alinipongeza. Fundi anapongeza kila kazi inayolipwa.

Kifusi ndani ya nyumba kinainua sakafu, hakiinui ukuta. Tofali za chini zilikuwa zimekaa majini miezi, tope katikati yake limelegea, nami nikaongeza uzito wa udongo unaozisukuma kutoka ndani. Viroba navyo vinazuia wimbi, ni kweli, lakini maji ya ziwa hupita chini kwa chini kwenye mchanga. Unaweza kuzungusha viroba vizuri kabisa na maji yakachimbuka katikati ya sebule kama chemchemi. Milioni nne na laki sita zingenipa kiwanja Mwandiga na msingi juu yake, na chenji ningebaki nayo.

Mwaka 2023 Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitangaza El Niño. Niliisikia. Kwa sisi wa magharibi msimu wa mvua ni mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili, na nilikuwa nimezoea utabiri wao unasema "wastani hadi juu ya wastani", maneno ambayo masikio yangu yalikuwa yanayatafsiri kuwa "kama kawaida". Sivyo. Wastani ni ule wa miaka mingi. Juu ya wastani ni mvua zaidi ya hiyo, na ikiangukia ziwa ambalo halijashuka tangu mwaka wa nyuma haina pa kukaa. Siku hizi nikisikia maneno hayo najiuliza jambo moja: mwaka huu Oktoba maji yaliishia mstari gani?

Aprili 2024 ziwa lilipanda kuliko 2021. Kuta mbili zilianguka usiku mmoja, upande wa magunia. Hatukuwa ndani, mume wangu alikuwa ametutoa siku tisa kabla bila kuniomba ruhusa, na safari hiyo sikubisha. Nilikwenda asubuhi na mtumbwi kuangalia cha kuokoa. Mabati yalikuwa yamejikunja chini ya kenchi zilizooza. Tofali ukizishika zinamomonyoka. Fremu zimeliwa. Kutoka nyumba ya milioni 17 na ukarabati juu yake niliuza vitu vya shilingi 380,000. Fundi wa mitumbwi, yule tuliyemcheka, alinunua mabati mapya manne tu alipojenga upya. Yote mengine yalitoka Kibirizi. Kwa hiyo mtu akiniuliza leo, ninamwambia: kama maji yamefika kiwanjani na hayajagusa ukuta, siku hiyo nyumba yako bado ina thamani. Yakigusa ukuta, inapungua kila wiki. Anza na mabati, kisha mbao, milango na fremu, halafu tofali. Na usisubiri uwe umepata pa kujenga, omba tu mtu akuhifadhie.

Msiba haukuja peke yake. Tarehe 15 Mei mwaka huo huo ziwa lilifungwa kwa uvuvi hadi 15 Agosti, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka, ili samaki wapumzike wazaliane. Sipingi. Dagaa wamepungua, na sababu si nyavu peke yake. Kijana mmoja mtafiti aliwahi kunieleza mwaloni, akichora mchangani kwa kidole: chakula cha viumbe vidogo wanaoliwa na dagaa kimelala chini kilindini, na upepo wa kiangazi ndio unaokikoroga kupanda. Maji ya juu yakizidi joto yanakuwa mepesi, yanaelea kama mawese juu ya mchuzi, na upepo unashindwa kuchanganya. Watafiti waliandika hayo tangu 2003 kuhusu ziwa letu hili. Nilimsikiliza nikafikiria: joto lile lile linamwaga mvua juu yangu na kumnyima dagaa wangu chakula. Lakini miezi mitatu bila dagaa, ukiwa na mkopo na huna nyumba, ni mirefu. Tuliishi kwa injini za mume wangu, ambazo nazo zilikuwa zimelala, na kwa kukaanga mihogo Gungu sokoni. Kikoba waliniongezea muda baada ya mimi kusimama mbele ya wanachama 28 na kusema sina. Niliogopa kikao kile kuliko maji, na kikaisha kwa dakika ishirini. Ningewaambia tangu Aprili faini za kuchelewesha zisingefika 140,000.

Jambo lililonikalia vizuri ni chanja. Zamani nilikuwa naanika zaidi mchangani, na mchanga ulipomezwa nikalazimika kutengeneza chanja za miti na nyavu kuukuu, mita moja juu ya ardhi, kila moja na turubai lake la kufunika mvua ikija. Sita zilinigharimu kama laki tano. Dagaa wa chanja hana mchanga tumboni, anakauka haraka kwa sababu upepo unapita chini, na wanunuzi wa Dar na Mwanza wananiongezea kati ya 3,000 na 4,000 kwa kilo. Nilikuwa nimeambiwa habari za chanja miaka mingi kwenye semina. Nilikuwa nakula wali wa semina na kurudi mchangani.

Sasa tunakaa Mwandiga, vyumba viwili, mlimani. Kila alfajiri nalipa 2,000 ya bodaboda kwenda na 2,000 kurudi, na mbebaji juu yake. Kwa mwezi inafika kama laki moja, nikitoa siku za mbalamwezi ambazo wavuvi hawaingii. Mwanzoni hesabu hii ilikuwa inaniuma. Nikaizidisha kwa miaka mitatu nikaona haifiki hata gharama ya kile kifusi na jamvi jipya.

Kiwanja hiki cha Mwandiga nilikitazama mara tatu kabla ya kulipa, na mara mbili kati ya hizo mvua ilikuwa inanyesha, nimevaa mabuti, natazama maji yanakopita. Nilimuuliza mama mwenye nyumba ya jirani, si dalali, kama korongo la nyuma limewahi kupanuka. Akanionyesha mahali lilipokuwa alipoolewa. Nikasogeza msingi mita kumi na mbili mbali nalo na kupanda matete ukingoni. Ukuta safari hii ni saruji hadi usawa wa dirisha. Juu ni tope, hela haikutosha.

Oktoba iliyopita dalali yule yule alinipigia simu. Kipande cha msingi wangu wa Kibirizi kilikuwa kimeanza kuchungulia, mchanga umerudi mweupe, na kuna kijana kutoka Kasulu ana fedha taslimu anataka pa kujenga. Nikamwambia ampe namba yangu. Kijana akapiga jioni ile ile, ana adabu, ananiita mama mkubwa, anauliza lini aje tuonyeshane mipaka.

Nikamwambia aje Mei.